Jaa la Dandora na Pingamizi la Ruai

Jaa la Dandora lilianza kutumika katikati ya miaka ya 1970, ndani ya shimo la machimbo ya mawe lililokuwa limeachwa, kilomita 8 hivi mashariki ya katikati ya Nairobi. Eneo lililotengwa lilikuwa la ekari 30 hivi. Shimo lilijaa, taka zikapanda juu ya usawa wa ardhi, na mwaka 2001 ikatangazwa kwamba jaa halina nafasi tena. Malori hayakuacha kuja. Leo vilima vya taka vimezungukwa na makazi ya watu pande zote: Dandora yenyewe, Korogocho, Kariobangi, Lucky Summer na Baba Dogo. Mto Nairobi unapita ukingoni mwake, na mvua ikinyesha, kinachochuruzika kutoka kwenye taka huishia mtoni.

Katika muongo huohuo, jiji lilikuwa likiwaalika watu wahamie Dandora. Mwaka 1975 serikali ya Kenya na Benki ya Dunia zilikubaliana kugharimia mradi wa viwanja 6,000 vilivyowekewa maji, vyoo na mabomba ya majitaka, ili wananchi wa kipato cha chini wajijengee nyumba kidogo kidogo. Ndizo Fezi za Dandora zinazojulikana hadi sasa. Kwa hiyo jaa halikuvamiwa na wakazi wasiojali afya zao, kama inavyosemwa mara kwa mara na watu wasioishi huko. Familia nyingi zilipelekwa na mpango rasmi uliokuwa na ramani, mikopo na stakabadhi, na taka zikapelekwa kando yao na halmashauri ileile ya jiji.

Kwa nini mashariki? Sababu moja ni mteremko wa ardhi. Nairobi iko juu upande wa magharibi na huteremka kuelekea tambarare za Embakasi, Njiru na Ruai, na mito yake yote hufuata mkondo huo. Mabomba ya majitaka yamejengwa kufuata mteremko, ndiyo maana mitambo ya kusafisha majitaka iko Kariobangi, na mabwawa makubwa zaidi yako Ruai. Sababu ya pili ni siasa ya ukoloni. Udongo mwekundu wenye rutuba na miinuko yenye hewa safi ya magharibi vilitengewa Wazungu, na Waafrika wakajengewa upande wa reli na viwanda: Muthurwa, Makongeni, Kaloleni, Ziwani, Bahati. Mpango mkuu wa jiji wa mwaka 1948 ulipokea mgawanyo huo na kuuendeleza. Huku mashariki ardhi ni ya udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata wakati wa masika, na chini yake kuna mawe ya ujenzi. Mawe yakishachimbwa hubaki mashimo, na shimo, machoni pa ofisa anayetafuta mahali pa bei nafuu pa kumwaga taka, huonekana kama suluhisho lililo tayari. Ni kosa la kitaalamu lenye gharama kubwa: mwamba uliopasuliwa kwa miaka mingi huruhusu maji machafu kupenya kwenda chini, na shimo la Dandora halikutandikwa chochote cha kuyazuia.

Athari zake zilipimwa. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako Gigiri, upande wa pili wa jiji hilihili, lilitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa watoto 328 wa umri wa miaka 2 hadi 18 waishio karibu na jaa, kwa ushirikiano na Kanisa Katoliki la Mtakatifu Yohana, Korogocho. Nusu ya watoto hao walikuwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango cha mikrogramu 10 kwa desilita au zaidi, kiwango ambacho wakati huo kilihesabiwa kuwa cha hatari duniani. Karibu nusu walikuwa na maradhi ya mfumo wa kupumua. Udongo nao ulionyesha risasi, zebaki na kadimiamu kupita kiasi. Tangu hapo sayansi imekuwa kali zaidi: Marekani ilishusha kipimo chake cha tahadhari hadi mikrogramu 5 mwaka 2012, kisha 3.5 mwaka 2021, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kilicho salama kwa mtoto. Risasi huathiri ubongo unaokua, hupunguza uwezo wa mtoto kujifunza na kutulia darasani, na madhara hayo hayarudi nyuma. Watoto waliopimwa mwaka ule wote ni watu wazima sasa, na jaa lingali linafanya kazi.

Haya yote ni lazima yajulikane kabla ya kuzungumzia Ruai, kwa kuwa wakazi wa Ruai wanayajua vizuri sana.

Ruai iko kwenye barabara ya Kangundo, mwisho wa mashariki wa kaunti ya Nairobi, karibu na mpaka wa Machakos. Hadi miaka ya hivi karibuni ilikuwa nusu mji, nusu shamba. Watu wengi walifika kwa njia ya hisa za kampuni za kununua ardhi, hasa Embakasi Ranching, iliyoanzishwa miaka ya 1970 na kugawa ranchi kubwa kwa wanahisa. Aliyenunua ploti huko hakununua kwa sababu ya huduma. Alinunua kwa sababu angeweza kuchimba kisima, kufuga ng'ombe wawili, kupanda sukuma wiki na mahindi, kisha kujenga polepole akiwa mbali na msongamano wa Umoja, Kayole au Kariobangi alikokuwa akilipa kodi. Wengi wa wamiliki wa Ruai, Kamulu na Joska ni watu waliotoka mitaa hiyo ya mashariki, Eastlands. Mtu aliyekulia Dandora akinusa moshi wa jaa, akaweka akiba miaka ishirini ili ahame, hahitaji kuelezwa na mtaalamu maana ya kuletewa jaa hilo mlangoni.

Wazo la kupeleka taka Ruai ni la muda mrefu. Shirika la Ushirikiano wa Kimataifa la Japani, JICA, lilifanya utafiti wa taka za Nairobi mwaka 1998 na kurudi tena na mpango mkuu mwaka 2010. Mapendekezo yake yalikuwa ya busara kwenye karatasi: Dandora ifungwe, na Ruai pajengwe jaa la kisasa. Jaa la namna hiyo ni kitu tofauti kabisa na Dandora. Chini hutandikwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa pamoja na plastiki nene isiyopitisha maji. Mabomba hukusanya maji machafu yanayotoka kwenye taka na kuyapeleka kusafishwa. Taka za kila siku hufunikwa kwa udongo jioni, ili nzi, panya na ndege wasipate cha kula. Gesi ya methani huvutwa na kuchomwa au kutumiwa, na visima vya uchunguzi huchimbwa pembeni ili maji ya chini yapimwe mara kwa mara.

Mradi haukutekelezwa. Pingamizi lililokuwa na uzito zaidi lilitoka kwa mamlaka za usafiri wa anga: Ruai iko karibu na njia ya ndege zinazotumia Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, na majaa huvuta ndege wakubwa. Yeyote aliyewahi kuona korongo wa Dandora wakizunguka juu ya vilima vya taka ataelewa hofu ya rubani anayeshusha ndege yenye abiria mia mbili. Hoja hiyo ilikuwa ya kweli na ilistahili kusikilizwa. Linalosikitisha ni nani aliyesikilizwa kwanza. Kaya zinazokunywa maji ya visima nazo zilipinga, kwa sababu zilizo za kweli vilevile, lakini katika maelezo rasmi ya kukwama kwa mradi, ndege wa angani walitajwa mbele ya watu wa ardhini.

Pingamizi la wakazi lina safu kadhaa, na kulifupisha kuwa ni ubinafsi wa watu wasiotaka taka karibu nao ni kukwepa kulisikiliza. La kwanza ni maji. Mabomba ya jiji hayajaenea vya kutosha upande huo, na visima ndivyo vinavyotegemewa. Kisima kikichafuliwa hakisafishwi kwa mwaka mmoja wala kumi. La pili ni ardhi yenyewe. Kwa familia nyingi ploti ndiyo akiba ya uzeeni, dhamana ya mkopo na urithi wa watoto. Bei hushuka siku fununu ya jaa inapoanza kuvuma, kabla hata tingatinga halijafika, na madalali huwa wa kwanza kujua.

La tatu ni kwamba Ruai tayari imebeba fungu lake. Mabwawa yanayopokea sehemu kubwa ya majitaka ya jiji yako hapo, na harufu yake husafiri na upepo wa jioni. Mgawanyo wa haki wa mzigo wa jiji ungeanza kwa kuhesabu nani anabeba nini sasa. Hesabu hiyo haijawahi kuwekwa mezani, na ikiwekwa, ramani itaonyesha kwamba taka za mitaa ya magharibi kama Karen, Kilimani na Westlands hupita barabara za Eastlands kila siku zikienda kumwagwa kwa watu wanaozalisha taka kidogo kuliko wenye kuzituma.

La nne, na huenda ndilo zito kuliko yote, ni imani. Mwezi Mei 2020, wakati wa amri ya kutotoka nje usiku kwa sababu ya korona, serikali ilibomoa nyumba Kariobangi kwenye ardhi ya majitaka, na siku chache baadaye matingatinga yakaingia Ruai kwenye ardhi inayozunguka mabwawa. Serikali ilisema inarejesha mali ya umma iliyonyakuliwa. Waliobomolewa walisema walikuwa na karatasi. Vyovyote ilivyokuwa kwa kila ploti, maelfu ya watu walilala nje wakati wa mvua na ugonjwa. Ni vigumu kwa dola hiyohiyo kurudi katika eneo hilohilo na kuahidi kwamba mara hii plastiki ya chini ya jaa haitapasuka, udongo wa kufunikia taka utaletwa kila jioni, na fidia italipwa kwa wakati.

Dandora nayo ni ushahidi katika suala hili la imani. Julai 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi jijini Nairobi iliamuru jaa la Dandora lifungwe na kuhamishwa ndani ya miezi 6. Muda ulipita. Mwananchi wa Ruai anayesoma hukumu hiyo huona mambo mawili kwa pamoja: amri ya mahakama imemweka yeye kwenye mstari wa kupokea, na wakati huohuo imemwonyesha kwamba hata amri ya mahakama haitoshi kuilazimisha serikali ya jiji kusimamia jaa ipasavyo. Likijengwa vibaya, hatakuwa na njia ya haraka ya kulifunga.

Sheria hata hivyo haijamwacha mikono mitupu. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama kiafya, na kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani bila kuonyesha kwamba yeye binafsi amekwisha kudhurika. Chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, mradi wa jaa hauwezi kuanza kabla ya tathmini ya athari kwa mazingira kufanywa na leseni kutolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA. Kanuni za mwaka 2003 zinamtaka mwenye mradi abandike matangazo mahali palipo wazi, atangaze magazetini na redioni kwa lugha zinazoeleweka, na aitishe angalau mikutano 3 ya hadhara na watu watakaoathirika. Leseni ikitolewa, asiyeridhika ana siku 60 za kukata rufaa katika Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira.

Siku hizo 60 ndizo zinazowaponyoka wengi. Ripoti ya tathmini huwa na mamia ya kurasa za Kiingereza cha kitaalamu. Mkutano wa hadhara huitwa kupitia kwa chifu, mara nyingi siku ya kazi, saa za asubuhi, wakati vijana na wazazi wako kwenye matatu kuelekea Industrial Area. Wanaohudhuria hutia saini kwenye orodha ya mahudhurio, na si mara moja orodha ya namna hiyo imetumika Kenya kama uthibitisho kwamba wananchi wamekubali. Mkazi mwenye busara huandika pingamizi lake, huambatisha nakala ya hati ya ploti na matokeo ya kupimwa kwa maji ya kisima chake kabla ya mradi kuanza, na kubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Bila kipimo cha awali, miaka mitano baadaye ni vigumu mno kuthibitisha nani alichafua maji.

Umuhimu wa kupinga mapema unaonekana Mombasa. Katika kijiji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi mwaka 2007 na kufungwa mwaka 2014, baada ya kampeni iliyoongozwa na Phyllis Omido, ambaye mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya Mazingira. Mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, Mahakama ya Rufani ikatengua mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Walishinda. Lakini ilikuwa miaka 17 tangu kiwanda kiwashwe, na risasi ilikuwa imekwisha kuingia katika damu za watoto.

Kila mara suala la ardhi linapokwama, uongozi wa jiji hurudi kwenye ahadi ya kuchoma taka na kuzalisha umeme. Wazo hilo limetangazwa chini ya magavana na wasimamizi mbalimbali tangu 2013, na mwaka 2020 kampuni ya KenGen na Idara ya Huduma za Jiji la Nairobi, NMS, zilikubaliana kuhusu mtambo wa Dandora. Tatizo lake la kwanza liko ndani ya pipa. Zaidi ya nusu ya taka za Nairobi ni mabaki ya chakula na mboga, yenye maji mengi. Tanuri la kuchomea taka linahitaji taka zenye nishati ya wastani wa megajuli 7 kwa kilo ili ziwake zenyewe bila kuongezewa mafuta, na maganda ya ndizi ya soko la Wakulima hayafiki hapo. Addis Ababa ilizindua mtambo wake wa Reppie mwaka 2018, kando ya jaa la Koshe lililoporomoka Machi 2017 na kuua zaidi ya watu 110. Mtambo ulipunguza taka lakini haukuondoa hitaji la jaa, kwa kuwa majivu nayo lazima yazikwe mahali, na baadhi yake ni sumu. Kwa hiyo hata Nairobi ikijenga tanuri, swali la Ruai litabaki.

Kinachoweza kulipunguza ni kutenganisha taka nyumbani. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inaagiza hivyo, na inazitaka kaunti ziwe na vituo vya kuchambulia na kurejesha taka kwenye matumizi. Mabaki ya chakula yakienda kuwa mboji au chakula cha mifugo, na chupa, karatasi na vyuma vikienda viwandani, kinachobaki cha kuzikwa ni sehemu ndogo, kikavu zaidi, chenye harufu na methani kidogo, na kisichovuta korongo. Jaa la masalia hayo ni jirani tofauti kabisa. Hapo hata hoja ya uwanja wa ndege hudhoofika. Ajabu ni kwamba mjadala wa Nairobi umetumia zaidi ya miaka 25 kutafuta ekari na muda mchache sana kupunguza kinachopelekwa kwenye ekari hizo. Mji ukihamishia Ruai taka zilezile, zikiwa zimechanganyika vilevile, kwa malori yaleyale yasiyofunikwa, utakuwa umejenga Dandora ya pili na kuongeza kilomita. Tena safari ikirefuka bila vituo vya kati vya kupakulia, mwenye lori hujua pa kumwaga usiku: kando ya barabara, kwenye mabonde ya Njiru na mashimo ya Mihang'o.

Katika mpango wowote wapo watu ambao hutajwa mwishoni, nao ni maelfu ya wachambuzi wa taka wa Dandora. Hawa ndio wanaookota chupa, skrepa, mifupa na nailoni, wakauza kwa kilo kwa mabroka, na kwa kazi hiyo kusomesha watoto. Wao pia hawakubali jaa lifungwe hivihivi, na pingamizi lao hugongana na la majirani wanaokohoa moshi, ingawa mara nyingi ni watu wa nyumba moja. Mgongano huo una njia ya kutatuliwa. Jijini Brasília, jaa la Estrutural lilifungwa Januari 2018 baada ya wachambuzi kutayarishiwa majengo ya kuchambulia taka na mikataba kupitia vyama vyao vya ushirika. Mabadiliko hayo yalikuwa na matatizo yake, hasa ya kipato katika miezi ya mwanzo, lakini yanaonyesha kwamba wachambuzi wanaweza kuwa sehemu ya mpango tangu ukurasa wa kwanza. Kwa Nairobi, wao ndio wenye ujuzi ambao vituo vya sheria ya 2022 vitauhitaji.

Kungoja nako kuna hatari yake, na wakazi wa Ruai hawana sababu ya kuificha. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, jaa la Kiteezi nje ya Kampala liliporomoka na kuua zaidi ya watu 30. Lilikuwa limetumika tangu 1996 na lilijulikana kuwa limejaa. Vilima vya Dandora navyo viko juu ya nyumba za watu. Kwa hiyo mkazi anayesema "si hapa" anadaiwa pia kusema jiji lifanye nini kesho, na jibu la wengi wao linajitokeza katika madai wanayoyarudia: kwanza Dandora isimamiwe inavyopasa. Miteremko ilainishwe, taka zifunikwe, moto uzimwe, mto ukingwe, taka mpya zitenganishwe. Hakuna hata moja kati ya kazi hizo inayohitaji ardhi ya Ruai, na zote zingeonyesha kama serikali ya kaunti, ambayo Katiba imeikabidhi kazi ya taka, inaweza kuendesha jaa kwa nidhamu.

Kazi hizo zitahitajika hata likifungwa. Jaa lililofungwa huendelea kutoa methani na maji machafu kwa miongo kadhaa. Lazima lifunikwe kwa tabaka nene la udongo, lipandwe majani, liwekewe mabomba ya gesi, na maji ya kandokando yapimwe kila mwaka. Udongo wa mashamba madogo yaliyo kando ya mto unahitaji kupimwa risasi, pamoja na damu za watoto waliozaliwa baada ya 2007. Gharama hiyo inapaswa kuwekwa katika bajeti ya kaunti kabla ya jaa jipya kupewa leseni, pamoja na fungu la matunzo ya jaa jipya lenyewe kwa kipindi kama hicho, likiwa katika akaunti ambayo gavana ajaye hawezi kuigusa kwa matumizi mengine.